Kamera ya filamu na kamera ya dijitali: tofauti za chombo na za maneno

kamera nm [i-/zi-] chombo cha kupigia picha, chenye kisanduku kisichopitisha mwanga isipokuwa kupitia tundu la lenzi.
kamera ya filamu kamera ambayo mwanga hupokelewa na utando wa kemikali uliopakwa juu ya ukanda mwembamba wa plastiki.
kamera ya dijitali kamera ambayo mwanga hupokelewa na kihisi cha elektroniki na kugeuzwa kuwa tarakimu.

Tofauti ya kamera hizi mbili huelezwa mara nyingi kwa maneno mawili tu: ya zamani na ya kisasa. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu hayamwonyeshi msomaji ni kitu gani hasa kilichobadilika. Lenzi ni ile ile, na kamera zote mbili zina tundu linalopanuliwa na kubanwa, na njia ya kuamua mwanga upokelewe kwa muda gani. Kilichobadilika ni mahali picha inapokaa baada ya mwanga kuingia. Katika kamera ya filamu, picha hukaa ndani ya kitu kinachoshikika. Katika kamera ya dijitali, picha hukaa katika hesabu zilizoandikwa. Badiliko hilo moja ndilo linalozaa mengine yote: gharama, kungoja, namna ya kukosea, namna ya kuhifadhi, na hata namna baadhi ya maneno ya Kiswahili yalivyohama kutoka maana moja hadi nyingine.

Maneno na asili yake

*Kamera* ni neno lenye mzizi wa Kilatini, na maana yake ya kwanza ni chumba. Kabla ya kuwapo kwa kemikali za kunasia picha, wataalamu walikwisha kujua kwamba mwanga unaopenya tundu dogo la chumba chenye giza huchora kwenye ukuta wa pili sura ya vitu vilivyo nje, ikiwa imepinduliwa juu chini. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Cairo katika karne ya 11, alilichunguza jambo hilo kwa makini. Kila kamera, iwe ya filamu au ya ndani ya simu, ni chumba hicho hicho kilichofanywa kidogo.

*Filamu* [i-/zi-] ina maana mbili zisizopaswa kuchanganywa. Maana ya kwanza ni ukanda wenye kemikali unaotiwa ndani ya kamera: *Nunua filamu mbili kabla ya safari.* Maana ya pili ni sinema: *Filamu hiyo ilionyeshwa jana.* Katika mazungumzo, ukanda huo huitwa pia *mkanda* [u-/i-], na kwa kuwa neno hilo lilikwisha kutumika kwa kaseti za video, *mkanda wa harusi* kwa watu wengi ni video wala si picha. Mwandishi anayetaka kueleweka aseme *picha mnato* kwa picha isiyotembea, na *picha jongefu* au *video* kwa ile inayotembea.

*Negativu* [i-/zi-] ni filamu iliyokwisha kusafishwa, ambayo penye mwanga huonekana giza na penye giza huonekana mwanga. Ndiyo mama wa picha za karatasi: kutoka kwenye negativu moja zaweza kutolewa picha kumi au mia.

*Dijitali* limefika katika Kiswahili kwa njia ya Kiingereza, nalo chimbuko lake ni neno la Kilatini lenye maana ya kidole, kwa kuwa vidole ndivyo vilivyokuwa chombo cha kwanza cha kuhesabia. Wazo hilo tunalo katika neno *tarakimu*. Huandikwa *kamera ya dijitali* na pia *kamera ya kidijitali*. Zote mbili hutumika, ila mwandishi achague moja na kuishika katika andiko zima.

Kinyume cha dijitali ni *analojia*, neno lililoenea kwa watu wengi wakati matangazo ya televisheni yalipohamishwa. Nchini Tanzania, kuzima mitambo ya analojia kulianza tarehe 31 Desemba 2012. Tangu hapo *mtu wa analojia* ni msemo wa utani kwa aliyepitwa na wakati. Utani huo usiingizwe katika maelezo ya kitaalamu, kwa maana filamu ni teknolojia kamili yenye nguvu zake.

Filamu hupokeaje mwanga?

Juu ya ukanda wa plastiki hupakwa jelatini iliyochanganywa na chembe ndogo mno za chumvi za fedha. Hapa *fedha* ni madini, si pesa. Mpigapicha anapobonyeza kitufe, kilango kilicho mbele ya filamu, kiitwacho shata, hufunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde. Chembe zilizoguswa na mwanga hubadilika kidogo, lakini macho hayaoni chochote. Picha ipo, nayo imefichika.

Ili ionekane, filamu hupitishwa katika dawa mbalimbali. Dawa ya kwanza hugeuza chembe zilizoguswa na mwanga kuwa fedha halisi yenye weusi. Ya pili husimamisha kazi hiyo. Ya tatu huondoa chembe ambazo hazikuguswa, ili filamu isiendelee kubadilika itolewapo nje. Mwisho huoshwa kwa maji mengi na kuanikwa. Filamu ya rangi ina tabaka kadhaa, kila moja ikipokea rangi yake ya mwanga, na baada ya kusafishwa kinachobaki ni wino wa rangi. Fedha yote huondolewa.

Joto la dawa ni jambo kubwa. Filamu ya rangi ya kawaida husafishwa katika nyuzijoto 38 za Selsiasi, na filamu ya rangi nyeusi na nyeupe kwa kawaida katika nyuzijoto 20. Joto likizidi, dawa hufanya kazi upesi kuliko ilivyokusudiwa, na jelatini yaweza kulainika. Kwa hiyo katika mji wa joto, ambako maji ya bomba huwa ya uvuguvugu, mwenye chumba cha giza alihitaji barafu karibu na chupa zake za dawa.

Kihisi hupokeaje mwanga?

Kihisi ni kipande bapa cha silikoni chenye mamilioni ya vituo vidogo, kila kimoja kikipokea mwanga na kuugeuza kuwa chaji ya umeme. Chaji hiyo hupimwa, na kipimo chake huandikwa kwa tarakimu. Kila kituo huchangia nukta moja ya picha, nayo nukta huitwa *pikseli*.

Vituo hivyo hutambua wingi wa mwanga tu, havitambui rangi. Ndiyo maana juu yake huwekwa vichujio vidogo vya rangi: nusu ya vichujio ni vya kijani, robo ni vyekundu, na robo ni vya buluu. Mpangilio huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, na hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Kompyuta iliyo ndani ya kamera hulinganisha vituo jirani na kukisia rangi kamili ya kila nukta. Kwa hiyo picha ya dijitali hutokana na hesabu tangu dakika yake ya kwanza.

Wingi wa pikseli hueleza ukubwa wa picha itakayochapwa vizuri. Picha ya pikseli milioni 24 huwa na nukta 6,000 kwa 4,000. Ikichapwa kwa nukta 300 katika kila inchi, upande wake mrefu utafika inchi 20, yaani takriban sentimita 51. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 huhitaji nukta 413 kwa 531 tu kwa kipimo hicho hicho. Ni dhahiri basi kwamba anayenunua kamera kwa kutazama idadi ya pikseli peke yake anaweza kuwa analipia kitu asichokihitaji.

Historia kwa ufupi

Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alianza kuuza kamera ya Kodak iliyokuja na mkanda wa picha 100 ndani yake. Mnunuzi alipozimaliza alirudisha kamera nzima kiwandani, nayo ikamrudia ikiwa na mkanda mpya pamoja na picha zake. Mwaka 1925 kampuni ya Leitz ya Ujerumani ilileta sokoni Leica, kamera ndogo iliyobuniwa na Oskar Barnack kwa kutumia filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35. Fremu yake ya milimita 24 kwa 36 ikawa kipimo cha dunia, na hadi leo kihisi chenye ukubwa huo huitwa *fremu kamili*.

Mbegu ya dijitali ilipandwa mwaka 1969, Willard Boyle na George Smith walipobuni katika maabara za Bell aina ya kihisi kilichowapatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson, ndani ya Kodak yenyewe, aliunda kamera ya majaribio yenye uzito wa kilo 3.6 hivi. Ilipiga picha ya nukta 100 kwa 100, na ilichukua sekunde 23 kuiandika kwenye kaseti. Kampuni iliyouza filamu dunia nzima ndiyo iliyozaa chombo cha kuiondoa filamu sokoni. Mwezi Januari 2012 Kodak iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Tofauti katika matumizi

*Hesabu ya picha.* Mkanda wa kawaida wa milimita 35 hutoa picha 24 au 36. Kila mbonyezo una bei, kwa hiyo mpigapicha wa filamu hutazama kwanza, hupanga watu, kisha hubonyeza. Kadi ya kumbukumbu hubeba maelfu ya picha, na mbonyezo mmoja zaidi haugharimu chochote. Faida yake ni kwamba tukio halipotei. Hasara yake huonekana baadaye, pale mtu anapokuwa na picha elfu nne za arusi moja na hakuna aliyewahi kukaa kuzichambua.

*Kungoja.* Picha ya dijitali huonekana papo hapo, na kosa hurekebishwa watu wakiwa bado wamesimama. Mwenye filamu hajui alichokipata mpaka irudi kutoka kusafishwa. Kilango kikiharibika, au mkanda usiposhika meno ya kamera, sherehe nzima hupotea bila yeye kujua.

*Wepesi wa kupokea mwanga.* Kipimo chake huitwa ISO, na zamani kiliitwa ASA. Filamu ya 400 hupokea mwanga kwa wepesi mara mbili kuliko ya 200. Mwenye filamu amefungwa na namba iliyoandikwa kwenye kopo: aliyetia filamu ya 100 kwa ajili ya jua la mchana atapata taabu jioni. Mwenye kamera ya dijitali hubadili namba hiyo kwa kila picha. Kwa wote wawili, namba kubwa ina gharama yake: filamu huonyesha *chembe*, na dijitali huonyesha kile ambacho watazamaji wa televisheni walizoea kukiita *chenga*.

*Makosa ya mwanga.* Filamu ya negativu husamehe mwanga uliozidi, lakini haisamehi sana mwanga uliopungua, kwa maana penye giza tupu hakuna fedha iliyobaki ya kutolea picha. Dijitali ni kinyume chake. Penye giza mara nyingi huweza kuinuliwa baadaye. Lakini kituo cha kihisi kikishajaa mwanga hakiandiki zaidi, na sehemu hiyo hubaki nyeupe isiyo na kitu. Bibi arusi akipigwa picha kwa kamera ya dijitali saa sita mchana huku mwanga umezidi, nakshi za shela lake jeupe hazitarudi kwa programu yoyote.

*Rangi ya ngozi.* Kwa miaka mingi maabara za filamu za rangi zililinganisha mashine zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Filamu na mashine zilizopangwa kwa ngozi hiyo mara nyingi zilipoteza alama za uso wa mtu mweusi, hasa alipokaa pamoja na watu weupe katika picha moja. Kosa hilo halikuwa la mpigapicha wala la mpigwapicha. Kamera za dijitali zimepunguza tatizo, lakini hazikulifuta, kwa sababu kamera inayojipimia mwanga huweza bado kudanganywa na ukuta mweupe au anga jeupe nyuma ya mtu. Tiba yake ni ile ile kwa aina zote mbili: mwanga upimwe usoni pa anayepigwa, usipimwe kwa kilicho nyuma yake.

Asili iko wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha tofauti. Filamu ina asili moja. Negativu iliyokuwamo ndani ya kamera ndiyo iliyoguswa na mwanga uliotoka kwa mtu yule siku ile, na nakala zote hutoka kwake. Nakala ya nakala hupungua ubora kila inapotolewa. Slaidi ni asili isiyo na negativu, na picha ya kamera ya papo kwa papo vilevile: karatasi iliyotoka mdomoni mwa kamera ndiyo asili yenyewe, na ikipotea imepotea.

Katika dijitali hakuna kipande kimoja cha asili. Faili ikinakiliwa sawasawa, nakala na chanzo hazitofautiani hata kwa tarakimu moja. Ndiyo nguvu kubwa ya dijitali: picha yaweza kuwa Mombasa, Muscat na Toronto kwa wakati mmoja, zote zikiwa kamili. Lakini kunakili si kutuma. Programu nyingi za ujumbe hubana picha ili isafiri upesi, na katika kuibana huondoa sehemu ya tarakimu zake pamoja na maelezo ya tarehe na mahali. Kilichopokelewa ni picha nyingine, dogo na pungufu. Anayefuta faili ya kamera kwa kuwa *picha ziko kwenye kundi* amefanya sawa na aliyechoma negativu akabaki na picha ya karatasi.

Yapo pia mabishano kuhusu ukweli. Husemwa kwamba filamu haisemi uongo na dijitali hughushiwa. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Wapigapicha wa filamu walijua tangu zamani kukata na kuunganisha negativu, kupiga picha mbili juu ya fremu moja, na kupaka rangi kwa mkono. Kule Lamu, Omar Said Bakor alijulikana kwa picha zake za kuunganisha, zilizomweka mtu mahali ambapo mwili wake haukuwahi kuwapo, na wateja walizipenda kwa ajili hiyo. Kinachotofautiana ni alama inayobaki. Aliyeghushi picha ya karatasi huumbuliwa na negativu ikipatikana. Tarakimu zilizobadilishwa zaweza kukosa shahidi wa namna hiyo, isipokuwa faili ya kwanza imetunzwa.

Kuhifadhi

Methali husema akiba haiozi. Filamu huoza. Joto na unyevu ni adui zake, na katika miji ya pwani vyote viwili vipo mwaka mzima. Kuvu huota juu ya jelatini, na hata ndani ya lenzi. Rangi hupauka. Filamu ya asetati inayoharibika hutoa harufu kama ya siki, na ikishaanza hali hiyo hairudi nyuma. Iliyoambukizwa itengwe na nyingine. Pamoja na hayo, negativu nyeusi na nyeupe iliyosafishwa vizuri na kuwekwa mahali pakavu na baridi huweza kudumu zaidi ya miaka 100 bila umeme na bila mtu kuigusa. Hiyo ndiyo heshima yake.

Faili ya dijitali haipauki, lakini haidumu kwa kuachwa. Diski hufa, kadi huharibika, simu huibiwa au kutumbukia majini, na nywila husahaulika. Picha ya dijitali hudumu kwa kuhamishwa kutoka chombo hadi chombo na mtu anayejali. Mtu huyo akikosekana kwa miaka kumi, picha nazo huenda zisipatikane.

Mifano miwili ya kwetu yaonyesha thamani ya asili iliyotunzwa. Huko Mji Mkongwe wa Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na picha zilizotolewa kwenye negativu za studio hiyo bado zinatazamwa na wageni na wenyeji wanaotafuta sura ya mji wao wa zamani. Mwandishi wa picha Mohamed Amin, Mkenya aliyezaliwa mwaka 1943, alifika Zanzibar wakati wa Mapinduzi ya 1964 na kuyarekodi kwa kamera. Alifariki katika ajali ya ndege karibu na Komoro mwezi Novemba 1996, wakati kamera za dijitali zilikuwa bado changa. Sehemu ya hazina yake imekwisha kutiwa katika mfumo wa dijitali, na wanaofanya kazi hiyo wanaweza kuifanya kwa sababu negativu zilibaki.

Kwa msomaji mwenye bahasha ya negativu kabatini, mambo manne yanatosha kuanzia:

1. Asizitupe kwa kuwa picha za karatasi zipo. Negativu ina undani ambao karatasi haikuonyesha.
2. Azishike kwa kingo tu, azitie katika bahasha za karatasi safi, na kuziweka mbali na jikoni, bafu na paa la bati.
3. Azipige skani. Asiye na mashine aweza kuiweka negativu juu ya kioo chenye mwanga mweupe nyuma yake, kuipiga picha kwa simu, na kuigeuza rangi kwa programu.
4. Faili zinazopatikana aziweke nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, moja ikiwa nyumba nyingine au mtandaoni. Kanuni hii ihusu pia picha zote za simu yake.

Jambo la tano halihusu chombo chochote. Filamu haimjui aliyemo, na kihisi hakimjui. Kamera ya dijitali huandika tarehe na saa, na pengine mahali, lakini haiandiki kwamba aliyesimama kushoto ni shangazi yake nani. Majina yaandikwe nyuma ya picha kwa penseli laini, au katika jina la faili, wakati wanaoyakumbuka wangali hai.

Maneno ya kuangaliwa

*kusafisha picha.* Maana ya asili ni kuipitisha filamu katika dawa ili picha ionekane: *Nimepeleka mkanda kusafishwa.* Dijitali ilipoingia, dawa ziliondoka lakini neno likabaki. Sasa watu husema *nisafishie picha hizi* wakiwa na maana ya kuchapa kutoka kwenye simu. Katika mazungumzo si kosa. Katika andiko la kitaalamu, *kusafisha* kuwe kwa filamu, na *kuchapa* kuwe kwa kutoa picha kwenye karatasi.

*kuungua.* Husemwa kwa filamu iliyoingiliwa na mwanga kabla ya kusafishwa: *Alifungua kamera mchana, picha zote zikaungua.* Hakuna moto hapo. Neno hili halifai kwa kadi ya kumbukumbu, ambayo mwanga hauidhuru. Kwayo sema *imeharibika*. Ikumbukwe pia kwamba miali ya eksirei ya viwanja vya ndege huweza kuharibu filamu isiyosafishwa, ilhali kadi haidhuriki.

*kufuta.* Neno la dijitali. Picha ya filamu haifutwi; *huharibiwa* au *hutupwa*. Kinyume chake, aliyefuta faili aweza kuirudisha ikiwa chombo hakijaandikwa kitu kingine juu yake.

*kupiga picha.* Kitenzi *piga* huchukua vyombo vingi vya kigeni: piga simu, piga pasi, piga chapa. Hakikubadilika dijitali ilipofika, nacho chafaa kwa aina zote mbili. Anayejielekezea kamera mwenyewe *hujipiga picha*. *Selfi* ni neno la mazungumzo.

*mpigapicha* [a-/wa-]. Huandikwa neno moja, wingi wake *wapigapicha*. Mwandiko wa maneno mawili, *mpiga picha*, nao huonekana katika magazeti. Mwandishi asichanganye miandiko yote miwili.

*picha halisi.* Msemo wenye utata. Kwa filamu, useme *negativu* au *picha ya kwanza ya karatasi*, kwa kadiri ya unachokikusudia. Kwa dijitali, useme *faili ya kamera*, ili itofautiane na nakala iliyobanwa. Watunzaji wa kumbukumbu na wanasheria hasa wasiridhike na neno *halisi* bila kueleza halisi ya nini.

Kwa muhtasari

Kamera ya filamu hutoa kitu kimoja kinachoweza kulala sandukuni na kungoja. Kamera ya dijitali hutoa tarakimu zinazoweza kuwa kila mahali, ila haziwezi kungoja. Anayeuliza ipi ni bora ajiulize kwanza picha hiyo itatazamwa na nani, na baada ya miaka mingapi. Kisha, kwa yoyote atakayoichagua, ajue asili yake iko wapi, na ni nani aliyepewa kazi ya kuitunza.